Santuri Mbili, Gitaa Moja

Dola kumi na mbili alinilipa Orval Tackett,
Beaumont, Texas, nyuma ya duka la fundi redio.
Tulitundika mablanketi ukutani
ili malori ya mafuta yasiingie kwenye wimbo.
Aliimba amefumba macho:

        Taa bado inawaka,
        mlango sijaufunga.

Nami nikaziliza nyuzi. Ndiyo kazi.
Kufikia Pasaka kila baa ilimwonea huruma,
na wanawake wasiomjua Leota
walimkata jicho kwenye foleni ya mkate.

Leota alipiga pasi mashuka ya hospitali.
Mwezi wa sita akaja studio kwa miguu,
nywele zikinuka wanga,
mkononi risiti iliyoandikwa nyuma.
Muziki? Uleule. Hakuwa na pesa ya kununua mwingine.
Akaniambia, "Usilie nayo hiyo.
Igonge kama unagonga mlango wa mdeni."
Nikagonga.

        Mafuta nani kaweka?
        Funguo nani kachonga?

Mara moja tu, hakurudia.
Fundi alichelewa kuzima mtambo;
mwishoni, ukitega sikio, unamsikia Leota akivua viatu.

Orval aliusikia baa kwa Fontenot, mimi kiti cha tatu.
Watu walinyamaza, wakingoja chupa iruke.
Akatia sarafu, akausikiliza wote tena.
Kisha akanigeukia:
"Ni wewe huyo?"
"Ni mimi."
"Mbona kwangu hukupiga hivyo?"

Siku hizi wimbo wake huupati hata kwa dawa.
Wa Leota upo. Juzi kijana mmoja kaja nao,
kaufunga kwa taulo kama mtoto mchanga,
anataka kujua mama huyu anamjibu nani.
Nikamwimbia kidogo, kwa koo hili la miaka themanini na moja:
taa, mlango.
Akacheka. "Kumbe swali lenyewe ndilo hilo?"

Habari za ufunguo hakuuliza.
Ulichongwa Jumamosi, saa nne asubuhi,
kwa kinyozi aliyekuwa na mashine ya funguo dirishani.
Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki garini,
injini ikiunguruma,
vidole vyangu vikigonga usukani, taratibu,
namna ileile.