Herufi Moja

Oulu, saa tisa usiku. Nje, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri;
ndani, nyuzi nyingine, mia nne na kitu,
zinazogawa maji ya moto kwenye mabomba ya mji.
Eevi Kallunki, soksi mbili mbili, anakiuliza kiini: hazijambo?
Kiini hakina maneno. Kila uzi kinaupa herufi moja.

Jorma, kwenye simu, anahesabu R kwa furaha:
"Kumi na tisa! Zote zinafanya kazi."
"Hapana," anasema Eevi. "Vichwa ni vinne.
Kumi na tano ziko mlangoni, zimekunja mikono ya mashati,
na kiini hakitofautishi
aliyeshika jembe na aliye tayari kulishika.
R ni kuweza. Si kutenda."
Jorma kimya. Kinasikika kijiko chake kwenye kikombe.

S ndizo nyingi. Usingizi wa mlinzi:
gusa kitasa, jicho hili hapa.
T moja imesimamishwa na mtu, mguu hewani,
hadi mtu huyohuyo akumbuke.

Lakini safu ya chini kabisa, D.
Usingizi wa pono.
Uzi umeagiza kitu kwenye diski, na mpaka kije
hausikii jina lake, hausikii moto.
Eevi anautumia amri ya tisa, ile isiyokataliwa.
Haujakataa. Haujaipokea tu.
Barua imepenyezwa chini ya mlango
wa mtu asiyeamka.

Anaaga, anashuka ngazi. Kebo ya rafu ya tatu
imelegea nusu ukucha. Ndoo ya msafishaji iko papo hapo,
haina hatia, imejaa maji ya jana.
Anasukuma kwa kidole gumba.
Tak.

Anaporudi juu, D imekuwa Z. Barua imesomwa.

Z: umekufa, hauna jasho wala kumbukumbu,
imebaki namba, na sababu ya kifo,
vinamngoja mzazi aje aulize.
Asipouliza, jina halifutwi.
Eevi anaiona bahasha ya ofisi ya Kemi,
wiki ya sita sasa juu ya friji, jina la baba yake
kwenye kidirisha cha plastiki.
Huku kwetu, anawaza,
wanaotakiwa kutia saini ni watoto.

Anaita orodha upya. Z haipo; mzazi kauliza.
Na hata hii ni habari ya sekunde iliyopita,
imeanza kuwa uongo ikiwa njiani kuja machoni,
kama "sijambo" ya mgonjwa
aliyesalimiwa akipita.

Ujumbe wa Jorma: Na wewe? Hali?

Anatafuta herufi.
R ingekuwa kujisifu.
Anabonyeza S, anatuma,
analaza kichwa juu ya mkono,
simu karibu na sikio.