Njano Iliyobaki Njano

Saa tisa alasiri, Februari, Kisumu.
Kabati la joto linasoma nyuzi thelathini na saba
na nje, juu ya mabati ya Kondele,
hewa inashindana nalo, inakaribia kushinda.
Mbele yangu slaidi mbili:
moja damu ya Opondo, mwana wa Akeyo, miaka minne,
moja damu yangu mwenyewe,
maana kipimo hiki hudai mwenye afya wa kulinganisha
na leo zamu ni yangu peke yangu.

Rangi tuliyotiliwa sote wawili ni njano,
njano ya chai ya ndimu.
Kisha tone la uchokozi,
kemikali iliyotoka zamani kwenye mafuta ya mbegu,
binamu wa mbali wa ule musutsu
uliozunguka boma la nyanya yangu kule Sabatia.
Haipigi hodi.
Chembe nyeupe ina milango yake, ina vitasa,
ina namna ya kumnusa bakteria angali mbali;
hii hupenya ukutani kama harufu ya jirani akikaanga,
ikaiga sauti ya mjumbe wa ndani,
ikasema: wameingia.

Hakuna aliyeingia. Ni uongo wa maabara.
Lakini chembe haina muda wa kudai ushahidi.
Protini zilizolala kila moja kivyake
hugongwa muhuri wa fosfati, zikazinduka,
zikakimbilia ukingoni,
zikashikana na yule anayeishi ukutani,
na hapo oksijeni,
hii hii tunayoivuta bila shukrani,
hubebeshwa elektroni moja ambayo haikuiomba
ikawa kali.
Usaha tunaoufuta kwa pamba
ni mizoga ya waliofanya kazi hiyo.

Slaidi yangu: buluu.
Buluu nzito, karibu nyeusi, chembe baada ya chembe,
kama wino uliovujia mfuko wa shati la shule.
Nilifurahi, nakiri,
kabla ya kuona aibu.

Slaidi ya Opondo: njano.
Nikahesabu mia. Nikahesabu mia nyingine.
Mjumbe alifika, hilo nalijua.
Wenzake walizinduka, wakakimbia,
wakakuta anayeishi ukutani hayupo.
Hajawahi kuwapo.
Wakasimama pale kama wageni wa harusi iliyohamishwa,
na bakteria aliyemezwa akatulia tumboni
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Ndiyo maana ya majipu.
Ndiyo maana ya ini kupasuliwa mara mbili.
Ndiyo maana ya kaka yake, aliyezikwa Alego
huku watu wakinong'ona chira,
wakihesabu mwiko kwa vidole:
kwamba mama yake alipanda mahindi
kabla ya mama mkwe kutia mbegu yake ya kwanza.

Akeyo yuko kwenye benchi la korido,
furushi la viatu vya mitumba vya Kibuye miguuni,
mtoto juu ya furushi, amelala.
Nitamwambia si chira. Hilo jepesi.
Nitamwambia zipo dawa za kumeza kila siku, bila kuruka,
na kwamba mbali, kwa fedha nyingi, hubadilisha uboho.
Ila atauliza: ilitoka wapi?
Na jibu liko kwake.
Nyuzi mbili alizo nazo, akampa mwanawe mmoja,
bila kuchagua, kama mtu anavyotoa sarafu gizani.
Huenda damu yake yeye
nusu ni buluu, nusu njano,
na hajawahi kuugua hata jipu.

Nitasemaje imepitia kwako
bila kuwapa Alego mbegu nyingine ya kupanda?

Nimefuta miwani mara tatu.
Nimeandika matokeo, nikafunika kalamu, nikaifunua.
Mlangoni ukucha mmoja unabisha, taratibu,
ukucha wa mtu aliyezoea kuambiwa asubiri.

Hodi.

Karibu, nasema,
na sentensi bado sijaipata.