Skrubu Nne

Boti ya Daktari Semboja haijapewa jina.
Futi kumi na sita za fibaglasi juu ya trela, Raskazone,
na mimi nimelala ndani yake kifudifudi,
koleo mdomoni, tochi kichwani,
natafuta njia ya waya ambayo maji hayaijui.

Alikuja dukani, Barabara ya Nane,
na spika mbili nyeupe ndani ya kanga kuukuu.
"Nifungie muziki. Si wa kelele.
Wa kuwatosha watu wawili."
Meno ya mji huu ameyatibu miaka thelathini na moja,
na kazi anaieleza kama anayeeleza jino:
hapa toboa, hapa usiguse.

Nilianza na dira.
Spika ina sumaku, na dira ni nyepesi kushawishika;
ukiziweka jirani, kaskazini inahamia kwenye taarabu.
Shubiri moja: sindano ikageuka kunitazama.
Shubiri nne: ikarudi kwao,
kama mtoto aliyekemewa kwa macho.
Nikatia alama ya penseli. Hapo.

Waya nimenunua uliopakwa bati.
Shaba tupu inafaa nyumba ya Chumbageni;
huku chumvi haibishi hodi.
Inaingilia nchani, inatambaa chini ya ngozi ya plastiki,
na baada ya Ramadhani mbili ukivuta
unakutoka unga wa kijani,
hina isiyo na harusi.
Nimeuona. Nimelipwa mara nyingi kwa kuuona.

Fyuzi, jirani na betri.
Kila kiungo nimekibana, nikakivika mpira,
nikaupasha kwa kiberiti hadi ukakumbatia.
Na kabla ya kila spika nimeulegeza waya,
ukaning'inia, kitumbo kidogo,
ili tone linaloufuata lidondokee hapo
lisifike mlangoni.
Hakuna atakayeviona vitumbo hivyo.
Mimi nalala vizuri kwa ajili yake.

Saa sita nikawasha.
Dansi la zamani, magitaa mawili,
likatoka na mafua.
Kushoto peke yake: nzima.
Kulia peke yake: nzima.
Pamoja, besi imekwenda wapi?
Daktari, juu ya ndoo, mkate wa ajemi mkononi,
akatikisa kichwa: "Halina kifua."

Nilijua papo hapo. Masikio yakaniwaka.
Upande mmoja nimegeuza nyaya,
chanya kwenye hasi.
Hii ikisukuma hewa, ile inaivuta.
Hakuna iliyoharibika, nikamwambia,
zinafutana tu.

Akaacha kutafuna.
Akatazama kiti cha kushoto,
kile alichokipaka rangi mwenyewe wiki iliyopita,
brashi bado imeacha unywele mmoja ndani ya bluu.
"Mwaka wa pili huu," akasema, si kwangu hasa.
"Mimi na Mwanaidi. Chai birika moja.
Wote wazima."
Kisha, kwa sauti ya kliniki:
"Kugeuza kunachukua muda gani?"
"Dakika mbili. Skrubu nne."
"Kumbe," akasema. "Skrubu nne."

Bi Mwanaidi alikuja baada ya alasiri,
viatu mkononi, akaigonga boti kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikiti maji.
Akauliza kama redio itamaliza betri wakakwama huko mbele.
Swali zuri. Nikamwonyesha swichi.
Akapanda, akakaa kulia.

Daktari akasimama na kanga yake kuukuu begani
akitazama kile kiti cha kushoto,
kisha akakikalia yeye.
Boti ikalalia upande mmoja kidogo juu ya trela,
matairi yakalia.
Nikawasha. Besi ikaja kupitia sakafu,
ikanifika kwenye nyayo kabla ya masikio.
Hawakusema kitu. Yeye mama akasogeza sauti chini,
baba akaiacha hapo hapo.

Risiti niliandikia juu ya boksi la spika:
waya, mita kumi na mbili. Fyuzi, moja.
Vibanio, mpira, ufundi.
Kugeuza: bure,
kosa lilikuwa langu.