Mboga Tu

Kwetu Same, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali,
hata kuku. Kwa hiyo, Lamu, nilifafanua:
majani, Bi Mwanaheri, na mbaazi, na muhogo.
Hatuli chenye damu.
Akatutazama wanne, mmoja mmoja,
kama anayetafuta nani mgonjwa.

"Wali bila kitoweo?"
Uchochoro mzima wa Langoni ukasikia.

Akaleta bamia za nazi, ukwaju pembeni,
mkate wa mofa bado unaunguza vidole.
Nakijwa akaramba sahani.
Mbonea, miaka saba,
bingwa wa mafungu ya kukariri kila Sabato,
akachomoa mwiba mdomoni
akauinua kwenye taa.

"Huyo si samaki," Bi Mwanaheri akasema.
"Hiyo ni ladha tu. Kijipande cha nguru, hivi,"
akaonyesha ukucha wa kidole cha mwisho.

Usiku nilimsikia jikoni
akikwangua sufuria kwa jivu na ndimu,
akinung'unika: maskini, watoto wa watu.

Asubuhi, muhogo wa nazi, pilipili mbichi,
mwiko mpya, bado una karatasi ya bei.
Alisimama mlangoni mpaka Mbonea alipomeza.

Sasa tumerudi. Nafua.
Mfukoni mwa shati la Elinihaki
kuna tishu iliyokunjwa mara nne,
na ndani miiba mitatu,
mikavu, myeupe, imenyonywa ikanyonyeka.

Nakumbuka alikula kimya usiku ule,
akaomba aongezewe mchuzi.

Sijamuuliza.
Naanika.