Sikio la Kushoto

Tangu baruti ya Kiomoni ilipolipuka kabla ya filimbi
sikio langu la kushoto ni kopo tupu.
Mwanakheri akiniita nageukia ukutani.
Sauti naisikia. Itokako, sipajui.

Jana Mwalimu Semkiwa alileta wanafunzi machimboni,
na picha ya dinosaria asiyezidi kimo cha bata mzinga.
Watoto wakaguna. Walimtaka yule wa kubomoa nyumba.
"Huyu," akasema mwalimu, "yadhaniwa aliwinda usiku."

Nikasimamisha nyundo.

Jicho pana, lililokunywa mwanga
hadi tone la mwisho la nyota.
Pua iliyosoma majani: nani kapita, lini, anachechemea au mzima.
Ukucha mmoja wa mguu kauinua, haugusi chini,
kama mchinjaji asiyetaka kisu chake kilambe mchanga.

Lakini masikio!
Moja juu, moja chini kidogo,
kombo kwa makusudi, mfano wa bundi.
Mtakaso wa kijinyama ulifika huku kwanza, kisha kule,
na katika tofauti hiyo, nyembamba kuliko unywele,
ndimo alimosoma: hatua nne,
chini ya jani lile,
sasa.

Hakukurupuka. Alisubiri jani liseme tena.
Likasema.

Mtoto mmoja, shati limemtoka kaptulani,
akauliza kama mnyama huyo aliishi hapa Tanga.
Mwalimu akapangusa vumbi la chokaa kwenye miwani:
"Mawe haya ni ya bahari, mwanangu.
Kama alipita, maji hayakutuambia."
Msimamizi akapiga filimbi, wakaondolewa.
Nami nikarudi kwenye kokoto zangu,
ndoo kwa ndoo, kichwa nimekiinamisha upande.

Usiku umeme umekatika.
Kwenye gunia la mahindi: kwaru. Kwaru-kwaru.
Nakaa kitako kitandani.
Nazungusha shingo polepole,
nalipeleka sikio zima mbele, nalirudisha, napima,
nafanya kwa moja kazi ya mawili.
Mlangoni? Hapana. Chini ya meza? Subiri.
Nashika kandambili.
Kwaru.
Naruka.

Nimepiga sufuria.
Panya kaenda zake kwa wenye dari.
Gizani sauti ya Mwanakheri,
kashaamka, sijui kitandani, sijui dirishani:
"We Mhando, unawinda nini?"

Sigeuki upesi.
Nasubiri aseme tena.