Bila Hodi

Ipole, mtandao uko juu ya kichuguu,
nyuma ya bani la tumbaku.
Kalunde alipanda na mtoto wa homa mgongoni,
akainua simu hadi vijiti viwili.
Elfu arobaini.
Masharti marefu kama msitu, chaji asilimia nne.
Akabonyeza: Nakubali.

Siku ya tisa
simu ya mkwewe ililia. Ya katekista. Ya mnunuzi wa asali.
Hata ya fundi baiskeli wa Sikonge
aliyemhifadhi kwa jina la Pancha:
"Mwambieni Kalunde alipe. Mwizi huyo."
Yeye hakupata kitu. Alikuwa porini, mizingani.

"Mie nyuki nawagongea gome," alisema,
"napuliza moshi, nasubiri,
nawabakizia sega la watoto wao.
Wananiuma, ndiyo, lakini tunajuana.
Huyu kaingia bila hodi,
kakung'uta majina yangu yote
kama kapu la karanga, uwanjani kwa watu."

Deni kalipa, kwa debe la asali
lililokuwa sare ya Nyamizi.

Leo anataka kushitaki.
Kushitaki nako kunataka mtandao.
Kichuguuni kuna foleni:
mbele yake watu sita,
wote wameshika simu juu,
wote wanakubali.