Ritifaa

Dundee, Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
giza limeshapiga hodi.
Eilidh wa mapokezi ananipigia kutoka zahanati:
kiungo chako kimemtupa mgonjwa wangu nje.

Nafungua barua niliyoifundisha mashine kuandika,
mia nne kila alfajiri,
bonyeza hapa, thibitisha miadi.
Ya Campbell inafika. Ya Kowalczyk inafika.
Ya Ng'washi Masalu inafika hadi Ng,
kisha shimo.

Naiona. Anwani nimeifungia kati ya alama mbili ndogo,
moja ya kufungua, moja ya kufunga,
naye kaja na ya tatu, yake ya kuzaliwa.
Kivinjari hakina kosa: kimeona kifungo, kikafunga.
Washi limemwagika nje
kama unga wa gunia lililotoboka.

Na mimi ndiye Bi Tekla alinichapa rula
hadi nikajua ng'oa si ngoa,
kwamba kijialama hicho ndicho kinachotenga
gugu na wivu.

Nikarekebisha kwa pupa. Nikaivisha ritifaa vazi la msimbo,
na juu ya vazi, kwa usalama, vazi jingine.
Kesho yake Eilidh akasimama na karatasi, akaita alichoandikiwa:
"Ng, na, reli, thelathini na tisa, nukta mkato, washi?"
Ukumbi kimya.
Mama mmoja akainuka, mkoba kifuani.
"Nadhani ni mimi. Ila nina sitini na moja."

O'Hanlon wa meza ya jirani alicheka hadi chai ikamtoka puani,
halafu, akijifuta,
"Benki yangu huniita O. Miaka ishirini sasa.
Bwana O."

Usiku ule nilianza upya.
Ghalani jina lilale kama lilivyozaliwa.
Livishwe mlangoni tu, likitoka, mara moja,
na kila mlango na vazi lake:
kwenye anwani, asilimia ishirini na saba,
kwenye ukurasa, ile thelathini na tisa.
Nje theluji ilikuwa ikifuta majina ya mitaa.

Kwa majaribio nikajitumia methali,
ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini.
Nikabonyeza, nikangoja, mbali na zizi lolote.
Ikarudi nzima, ritifaa mahali pake.
Guu tu ndilo lililovunjika.